Salamu za Mama kwa Watu wa Guangzhou

Kichina changu hakikuwa cha sokoni. Wafanyabiashara wetu wengi waliokuwa Guangzhou miaka ile walijua kuuliza bei, kukataa bei na kuaga, basi. Mimi nilikuwa na stashahada ya lugha hiyo, niliyoipata kwa ufadhili nilioushindania mwenyewe bila kuwa na mjomba wizarani, na nilisoma magazeti yao bila kamusi. Nikipita Kangle, kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, kina mama waliacha kushona ili wanisikilize. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Mtu mmoja tu hakuyaamini, naye ni mama yangu. Kila nilipompigia simu Tanga, aliniuliza lile lile.

"Unaongea nao kweli, au unawaonyesha vidole?"

"Naongea nao, mama."

"Na wanakuelewa?"

"Wananielewa."

"Haya. Mpaka nione."

Kwa hiyo kituo kimoja cha televisheni kilipotangaza chemsha bongo ya wageni wanaojua Kichina, nilijiandikisha siku ile ile. Zawadi ya mshindi ilikuwa kuletewa mzazi wake mmoja: tiketi ya kuja na kurudi, hoteli, na kutembezwa mjini. Nilimwambia mama aanze kutafuta pasipoti. Akaipata, akalalamika kwamba kwenye picha amefanana na askari wa zamu. Mimi nikapita mchujo wa kwanza, nikapita wa pili, na kwenye fainali tukabaki watatu: Mkorea mmoja, Mrusi mmoja, na mimi.

Kule mshiriki haendi peke yake. Huja na kundi la jamaa zake, nao hukaa kwenye mabenchi pembeni mwa jukwaa, wamevaa fulana za rangi moja, wakishangilia kila wanapopewa ishara. Mimi sikuwa na ndugu Uchina, nikakusanya Waswahili. Walikuwamo wanafunzi wenzangu, akiwamo Mkenya wa Nairobi niliyekaa naye chumba kimoja, na wafanyabiashara wachache. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akishonesha magauni Kangle, ambaye sote tulimwita Shangazi.

Asubuhi ya fainali niliondoka mapema. Yule Mkenya alikuwa bado kitandani.

"Buda, ukirudi bila hiyo tiketi utalala kwa koridoo," aliniambia.

"Wewe jiandae kubeba mabegi ya mama uwanja wa ndege."

"Sawa, laoban," akasema, yaani bosi, kama wauzaji wanavyomwita kila mteja, akajifunika shuka.

Mlangoni mwa studio walichukua simu zetu, tusije tukatumiwa majibu. Walinivika koti la hariri jekundu, wakanipaka poda ya mtu mweupe mpaka nikawakatalia. Mchana, mabenchi yakaanza kujaa. Wakorea waliingia wakiimba. Warusi waliingia na bendera. Waswahili wangu waliingia wakakaa kama watu waliokuja kusikiliza hukumu.

Niliijua hali hiyo, au nilidhani naijua. Mmoja wetu akipanda, wengine hununa. Niliikuta hata darasani.

Mwongozaji wa kipindi, dada mmoja mkali, alinifuata. Alitaka watu wangu wacheze ngoma kamera ikiwafikia. "Wagonjwa?" akauliza.

"Hawajazoea kamera," nikasema, nikaenda kwenye mabenchi. "Shangazi, mnaniaibisha. Wanataka mcheze."

"Mwambie leo hatuchezi."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wewe nenda kajibu maswali yako, mwanangu. Sisi tupo."

Yule Mkenya alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nikarudi jukwaani na hasira zangu, na hasira zikanisaidia. Nilijibu maswali ya wafalme wao, ya mito yao, ya vyakula vya sikukuu zao. Mrusi aliachwa mapema. Mkorea alinifuata kwa karibu. Kisha likaja swali ambalo kila anayeishi Guangzhou analijua: katika hadithi ya mji huo, wazee watano walioleta nafaka walikuja wamepanda mnyama gani? Farasi, mbuzi au nyati? Ni mbuzi. Sanamu yao imesimama kwenye bustani kubwa ya mji, na nilikuwa nimepiga picha chini yake mara kadhaa.

Lakini kila mshiriki alikuwa na ruhusa ya kupiga simu kwao mara moja kuomba msaada, na yangu ilikuwa bado. Nikaomba kupiga simu. Mtangazaji alishangaa, maana swali lilikuwa jepesi. Mimi nilitaka mama asikie mwanawe anavyozungumza na watu wale, na makofi yao, kwa masikio yake.

Walipiga namba ya dada yangu, aliyekaa na mama. Simu ikaita muda mrefu, sauti yake ikitoka kwenye spika za ukumbi mzima.

"Haloo," dada akasema.

"Ni mimi. Niko jukwaani, kwenye kipindi cha televisheni ya Uchina. Mpe mama simu."

Nilisikia watu wengi nyuma yake, na sauti za kusoma Yasini.

"Mbona kuna watu?"

"Kuna shughuli hapa kwa jirani."

"Mpe mama basi. Upesi, hawa watu wana saa."

Nikasikia mlango ukifungwa, zile sauti zikapungua.

"Hawezi kuja sasa hivi, kaka."

"Basi wewe jibu. Wazee watano wa hadithi walipanda nini? Farasi, mbuzi, nyati?"

"Sijui mimi."

"Sema chochote."

"Farasi."

"Mwambie mama nakaribia kushinda."

"Nitamwambia," akasema, na simu ikakatika.

Mtangazaji alinisogezea kipaza sauti. Mama alisemaje? Nikawageukia watu, na kwa Kichina ambacho hakijawahi kunitoka vizuri kama siku ile, nikasema mama yangu anawasalimia watu wote wa Guangzhou, anasema jibu ni mbuzi, na anaomba wamwandalie chai maana yuko njiani. Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Kwenye mabenchi yangu, ambako kila mtu alikuwa amesikia simu ile kwa Kiswahili, Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Nikasema moyoni, kidonge hicho, meza.

Nilishinda. Wakanikabidhi tiketi ya kadibodi ndefu kuliko mimi, tukapigwa picha wote. Shangazi alisimama kulia kwangu akapiga makofi alipoambiwa apige.

Kwenye korido akanishika mkono. "Vua kwanza hilo koti."

"Kwa nini?"

"Vua, mwanangu. Ukae."

Mama alianguka baada ya sala ya alfajiri. Dada alinipigia, simu yangu ikiwa kwenye droo ya studio, akampigia Mkenya wangu. Wakapata habari yote wakiwa kwenye basi dogo la kuja kunishangilia.

"Mkanyamaza," nikasema.

"Mimi nilitaka kukuambia, buda," yule Mkenya akasema. Alikuwa analia.

"Wewe nyamaza," Shangazi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Ungepanda ndege gani ukawahi maziko? Nikasema amalize alichokianza. Na dadako nikamwambia hivyo hivyo."

Nilihesabu tofauti ya saa kati ya nchi mbili. Nilipokuwa nikisema mpe mama simu, mama alikuwa chumba cha pili anaoshwa.

Watu wananiambia Shangazi alinitendea wema. Nimewasikia. Leo nina ofisi yangu bandarini kwetu, na kontena zitokazo Nansha, bandari ya Guangzhou, zikija na karatasi za Kichina zisizoeleweka, mimi ndiye ninayeitwa. Kila nilicho nacho nimekipata kwa akili yangu. Lakini siku ile iliamuliwa na watu wengine ndani ya basi, na hakuna ninachoweza kukifanya ili niipate tena. Kituo kilisema tiketi inaweza kutumiwa na ndugu mwingine. Dada alikataa. Muda wake ukapita.

Kipindi kilirushwa baadaye, na mji mzima ukanijua. Kwenye mabasi, kwenye migahawa, waliniuliza swali moja tu. Wa kwanza nilimweleza ukweli, akaomba radhi mpaka nikashindwa kula. Muuza vitambaa mmoja wa Kangle aliponiona, aliacha wateja wake.

"Mama yako amekuja?"

"Amekuja," nikamwambia.

"Ameupenda mji wetu?"

"Sana."

Akakata kitambaa cha gauni, cha maua ya buluu, akakikunja akanipa nimpelekee. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama wanavyopenda kule, nikamshukuru kwa niaba yake.