Bwana Vidole na Mdomo Wake

Kwenye kibanda chake cha vifaa vya uvuvi ilining'inia mishipi ya kila aina: ya nailoni, inayovutika kidogo samaki anapopapatika; ya kusuka, isiyovutika lakini inayomkata mzembe viganja; na vipande vya waya kwa samaki wenye meno. Lakini wavuvi hawakumfuata kwa bidhaa tu. Wakitoka majini walimletea mishipi yao, naye akaipitisha katikati ya vidole, taratibu, na palipochubuka, hata kama jicho halikuona, alipasikia. "Kata hapa," angesema. Ndiyo maana wakamwita Bwana Vidole. Jina lake la kuzaliwa alibaki nalo mama yake peke yake.

Kisha kisukari kikamfanyia inda. Ncha za vidole zikafa ganzi. Hakumwambia mtu, akaendelea kupapasa mishipi kwa mazoea tu, mpaka ule aliompimia jirani yake ukakatika samaki mkubwa akiwa ubavuni mwa mtumbwi. Kumwambia mvuvi mshipi ni mzima kumbe umechubuka, heri umtobolee mtumbwi ajue moja.

Siku ya pili jirani huyohuyo akaja na mshipi mwingine.

"Nipimie, kaka."

"Nenda kwingine, ndugu yangu. Vidole vyangu havisikii tena. Kibanda nakifunga."

"Kwingine wapi? Samaki mmoja akitoroka ndiyo tuachane?"

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni, akishona vifungo vya mashati ya wateja wake. Hakuinua hata kichwa.

"Watoto wakipata homa nilikuwa nawapima kwa mdomo, si kwa mkono. Wewe huo wako ni wa kulalamikia tu?"

Jirani akacheka. Bwana Vidole hakucheka. Aliufuta mshipi kwa kitambaa, akaanza kuupitisha juu ya mdomo wa chini, akiuvuta polepole. Laini. Laini tena. Halafu kitu kikamkwaruza, kidogo kama chembe ya chumvi. Akaacha kuvuta.

"Hapa. Vuta."

Jirani akajifunga vitambaa viganjani, akavuta kwa nguvu zake zote. Mshipi ukakatika palepale.

Siku hizi watani wanamwita Bwana Mdomo, naye anaitika. Anamshukuru Mungu, na anamshukuru jirani aliyerudi ilhali alikuwa na kila sababu ya kwenda zake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hilo sasa hahitaji kuambiwa.

Ila jioni ya siku ile, kabla hawajafunga kibanda, aliuchukua mkono wa mkewe. Tangu augue alikuwa akiushika bila kuusikia. Akauweka mdomoni, akazisikia ncha za vidole vya mkewe, ngumu, zimejaa alama za sindano ya kushonea.

"Una nini wewe? Watu wanatuona," mkewe akasema.

Lakini mkono hakuuondoa.