Gramafoni ya Mahari ya Tunu

Mmenijia na daftari lenu mkitaka niandike habari za Tunu binti Mwinyimvua, kana kwamba mie sina mchele wa kupepeta. Chuoni nilikaa mwaka na nusu tu, na herufi zangu zinalalia upande mmoja. Lakini habari hizi nazijua mimi, si hao wanaowahadithia barazani wakaruka nusu. Nitaandika. Nikishaandika, asije mtu kunisahihisha.

Tunu alikuwa mtu wa Temeke, muuza vitumbua, mwembamba, si mwepesi wa kuomba. Mumewe, Marijani, alirudi kutoka vita vya Bama, kule Asia, na mshahara wa Keya, jeshi la Mwingereza, mfukoni, na wenziwe walipotoa mahari ya fedha, yeye akaleta gramafoni. Ilikuwa ya kisanduku, ya kuzungusha kwa mkono. Siku ya ndoa ikatajwa mbele ya mashahidi: mahari ya Tunu ni gramafoni moja iimbayo, na sahani sita za nyimbo. Watu wa mtaa wakalishika neno hilo, iimbayo, wakalicheka mwezi mzima.

Mwaka wa sita Marijani akaoa mke wa pili Kigamboni. Hilo Tunu angelimeza. Lisilomezeka ni kwamba Temeke alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, anakula, anagomba, anapanda baiskeli yake anakwenda. Tunu akaomba talaka, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa kwa matusi. Jumatatu moja akamfuata Mwalimu Jamali, aliyekuwa akisomesha watoto pale mtaani na kuamua mambo ya ndoa, na Marijani akaitwa.

Mwalimu akasema sheria ipo: mke anayetaka kujivua na mume hataki, humrudishia mahari yake, wakaachana.

Marijani akacheka. "Sawa, Mwalimu. Anirudishie kama ilivyotajwa. Iimbayo. Ijumaa baada ya alasiri, hapahapa. Ikiimba, namwacha. Isipoimba, arudi jikoni akapike, na neno hili lisisikike tena."

"Nimekubali," akasema Tunu, hata Mwalimu hajamgeukia kumuuliza.

Njiani dada yake, Tabu, akamshika mkono. "Tunu, gramafoni si mbovu?"

"Mbovu."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi."

"Na umekubali mbele ya Mwalimu."

"Ulitaka niseme nini, dada? Nimwambie anisubiri?"

Tabu akauachia mkono wake, akatangulia mbele.

Ubovu wenyewe alikuwa ameufanya kwa mikono yake. Gramafoni ina kichwa, kile kiduara cha chuma kama kifuniko cha kopo la samli, ndicho kinachoshika sindano na kutoa sauti. Kuelekea Idi kichwa kilianza kukwaruza, na Tunu, ambaye kila kinacholia nyumbani hukipaka mafuta, bawaba za mlango, cherehani, hata kamba za kitanda, akachukua mafuta ya nazi akakipaka ndani na nje. Kwa siku mbili kikaimba kama maji. Siku ya tatu kikatoa sauti ya mbuzi aliyekabwa, na tangu hapo sanduku lilifunikwa kanga.

Jumanne Tunu na Tabu wakaenda mjini kwa miguu, kichwa kimefungwa kwenye pindo la kanga ya Tunu. Walipitia kwanza duka moja la Uhindini. Kichwa kipya kilikuwamo ndani ya kioo, na bei yake ilimfanya Tunu atoke bila kuaga. Alikuwa na shilingi tisa, akiba yake yote.

Wakashika njia ya Kariakoo, kwa Fundi Sadallah, mzee aliyekuwa akitengeneza saa na cherehani kwenye baraza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leta."

Akafungua kichwa, akakinusa, akamtazama Tunu juu ya miwani. "Umekikaanga?"

"Nilikipaka mafuta ya nazi."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kinakwaruza."

"Na wewe ukikohoa hupakwa mafuta?" Akamwonyesha. Ndani palikuwa na utepe wa mpira uliolegea kama ugali wa jana, na kijisahani cheupe chembamba, kimepasuka katikati. "Huu ni ulanga, jiwe linalochanika majani kama karatasi. Unatoka Morogoro, milimani. Huu ndio unaotetemeka, ndio sauti yenyewe. Mafuta yamekula mpira, ulanga ukakosa wa kuushika."

Akaweka vichwa viwili juu ya meza. Cha kwanza kipya, kinang'aa, ndani yake bati, shilingi saba. Akakitia kwenye gramafoni yake, akapiga sahani, na wapita njia wakageuka, maana kilipiga kelele kama mpiga mbiu. Tabu akatabasamu mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini fundi alipoinua sindano, ncha yake ilikuwa na manyoya meusi.

"Nini hicho?" akauliza Tunu.

"Vumbi la sahani hilo. Kichwa hiki kizito, kinaila. Sauti utapata. Sahani zako zitakwisha."

Cha pili kilikuwa cha shaba, kimetoka kwa bwana shamba wa Kizungu, kina ulanga wake safi. Shilingi kumi na tatu, na shingo yake pana. "Nitakizungushia uzi kikae," akasema fundi, "ila siku ya joto kinaweza kudondoka."

"Na hiki changu?"

"Chako nitakikatia mpira wa baiskeli, nikuwekee ulanga mwingine. Shilingi tano, ulipe kwanza. Uje Alhamisi jioni. Lakini sikuahidi, mwanangu. Ulanga ukinipasukia, umepasuka."

Tabu akamvuta pembeni. "Chukua hicho cha bati. Kipo, kinaimba, umekisikia. Unaacha kitu mkononi ununue labda?"

Tunu akapiga hesabu, na hesabu ikamkaba. Akitoa tano, zitabaki nne. Fundi akishindwa Alhamisi, cha bati hatakiweza tena, na Ijumaa atakwenda kwa Mwalimu na sanduku bubu.

"Neno lilikuwa kama ilivyotajwa, dada. Marijani aliinunua yeye, anaijua sauti yake. Akisikia bati linabweka atasema hii siyo, nami nitaapa nini?"

"Mwanaume gani anakumbuka sauti ya gramafoni?"

"Yule ataikumbuka. Kwa kunikomoa, ataikumbuka."

Akalipa tano. Kabla hawajafika mtaa wa Gerezani alishajuta mara tatu, na mara tatu alikataa kurudi.

Jumatano aliunguza vitumbua sufuria nzima. Mteja mmoja akamuuliza anaumwa nini, akajibiwa kwamba asiyetaka vitumbua vyeusi akanunue mkate. Alhamisi alitoka mapema mno, akakaa kwenye baraza la Sadallah kama mtu anayesubiri maiti hospitalini. Fundi alipokuja hakumtazama usoni.

"Ulanga wa kwanza umepasuka," akasema. "Umebaki mmoja."

"Basi tia huo," akasema Tunu.

Fundi akachukua kipande cha ulanga, akakipasua kwa wembe, jani kwa jani, kama anayemenya kitunguu, mpaka likabaki jani lililoonyesha mwanga wa barabarani upande wa pili. Akalikata duara. Tunu akasogea.

"Usinipumulie, mwanangu."

Akaziba mdomo kwa kanga. Mpira ukaingia, ulanga ukalala, skrubu ikakazwa kidogo, tena kidogo. Fundi akatia sindano nyembamba, akapiga. Sauti ikatoka nyororo, safi, ile ile ya chumbani kwa Tunu, ila ndogo. Tunu alifurahi nusu, nusu ya pili ikaogopa ule udogo.

"Sindano nyembamba tu," akasema Sadallah. "Nene itautikisa mno. Ukipasuka safari hii, sina mwingine."

Ijumaa baada ya alasiri sanduku na sahani zake sita vikawekwa juu ya mkeka wa Mwalimu Jamali. Mashahidi wawili walikuwapo. Marijani alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Akazungusha mkono wa gramafoni, akaitoa ile sindano nyembamba akaitupa nje mlangoni, akatoa nyingine mfukoni, nene kama msumari wa kiatu.

"Hii ndiyo niliyokuja nayo siku ya ndoa," akasema. "Au nayo ilibadilika?"

Kweli, siku ile alikuja na sindano nene za namna hiyo. Tunu akaikalia mikono yake asije akainyakua.

Sindano ikashuka. Ud ukaanza, kisha matari, na kila tari lilipopigwa Tunu alisikia ndani ya kichwa cha gramafoni kitu kikigugumia, mara kipo, mara hakipo. Akahesabu matari. Akaacha kuhesabu. Mwimbaji akapanda juu, mgugumio ukapanda naye, na Tunu akajiona jikoni Temeke, anapika, ana mvi, Marijani anaegemeza baiskeli. Mwimbaji akashuka. Ulanga ukashika.

Marijani akainama, akatega sikio. "Imefifia, Mwalimu. Hii siyo niliyoitoa. Hii inanong'ona."

Mwalimu Jamali, ambaye gramafoni hakuzipenda na alikuwa ametazama chini muda wote, akainua kichwa. Nje kwenye bomba wanawake walikuwa wanateka maji. Kiitikio kilipofika wakakipokea, mmoja, wawili, kisha foleni yote, na debe mojawapo likapigwa.

"Wa bombani wamesikia," akasema Mwalimu. "Wewe uliye juu ya mkeka hukusikia?"

"Sauti si kubwa kama—"

"Ndoani ilitajwa kubwa, au ilitajwa iimbayo?"

Tabu, aliyesimama mlangoni, akasema taratibu, "Labda tumwitie mkewe wa Kigamboni aje amsikilizie."

Shahidi mmoja akakohoa kuficha kicheko. Marijani akainua sindano wimbo haujaisha, akakaa, akavuta kanzu yake magotini. Mwalimu akamngoja.

"Nimekuacha, Tunu," akasema Marijani, "kwa mahari yangu uliyonirudishia."

Mashahidi wakaitikia. Mwalimu akaandika karatasi, Tunu akaikunja ndogo, akaitia kifuani.

Nje Marijani alikuwa anafunga sanduku kwenye baiskeli. Tunu akamfuata.

"Tumia sindano nyembamba. Hiyo nene itaupasua ulanga."

"Umeshajivua, bado unanituma?"

"Nakwambia tu."

Akapiga kengele, akaenda zake. Tunu akabaki pale akilitazama sanduku mpaka likakata kona, na Tabu alipomuuliza analilia mume au analilia gramafoni, akasema mume gani, wakaenda nyumbani.

Haya, nimemaliza, na vidole vinaniuma. Sasa ni zamu yako uliyesoma. Nenda kwa mama yako ukamuulize mahari yake ilitajwa nini na leo iko wapi, na akikuuliza habari hizo unazitakia nini, usiondoke. Kisha njoo Temeke unihadithie yote bila kuruka. Kahawa naweka mie. Kashata ulete wewe.