Bunduki Iliyolingana na Bega Langu

Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Dada yangu aliolewa Kiswere nikiwa bado mdogo, nikabaki mimi na wazazi wangu Milola, kwenye shamba la mihogo, mtama na kunde lililopakana na msitu. Enzi hizo za Mwingereza, mkulima aliyetaka kula alichopanda ilimbidi kwanza agombane na wanyama. Nguruwe walichimba mihogo. Pongo, mnyama mpole wa kutazama, alikula kunde shina baada ya shina mpaka shamba likawa kama limefyekwa. Baba alikuwa na gobori lenye kibali cha boma la serikali, na kwa gobori hilo tulivuna.

Mwaka nilipoweza kufunga Ramadhani nzima bila kudanganya, macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alinichukua nimwonyeshe tu. Tulikaa alfajiri juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, mimi namnong'oneza, "Kushoto, baba, penye kichuguu," naye anaelekeza mtutu. Alikosa mara nne mfululizo. Mara ya tano alishusha gobori, akalilaza mapajani.

"Wewe unaona," akasema. "Basi piga wewe."

Nilikuwa mwembamba, mabega kama ya kuku. Baba alinishindilia baruti kama alivyozoea kujishindilia mwenyewe, kwa kipimo cha vidole vinne. Nililenga kisiki. Sikumbuki mlio. Nakumbuka nikitazama mbingu, mgongo uko kwenye matuta ya mihogo na mdomo umejaa damu kwa kuuma ulimi. Mama alinikanda bega kwa maji ya moto na chumvi siku tatu, hasemi na baba.

Bega lilipona. Kilichokataa kupona ni macho. Kila nilipogusa kile chuma cha kufyatulia, yalijifumba yenyewe. Baba hakuweza kuyaona vizuri macho yangu, lakini alinigundua kwa njia nyingine. Siku moja alinipa gobori akaniambia limejaa. Akashika mtutu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa. Nikafyatua. Hakukuwa na baruti ndani, wala fataki, ikasikika ta ya chuma peke yake. Hata hivyo mtutu uliruka mkononi mwake.

"Mwanangu, unaiogopa bunduki kuliko nguruwe wanavyoiogopa," akasema. Hakusema kwa ukali. Aliona aibu kuliko mimi.

Baada ya hapo alijaribu kupunguza baruti. Vidole viwili tu. Kweli, teke lilipungua, nami nikaanza kujiamini kidogo. Asubuhi moja akaja pongo dume, akasimama ubavu kwenye kunde. Nikapiga. Aliruka, akaanguka magoti, akainuka, akaingia msituni. Tulifuata damu mpaka jua likawa la utosi, matone yakizidi kuwa madogo, mpaka yakaisha kwenye mawe. Baba aliketi pale palipoishia. Aliniambia kwamba mnyama yule hatakufa leo wala kesho, atakufa polepole mahali ambapo hakuna wa kumchinja, na kwamba dhambi hiyo ni yake baba, si yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa risasi isiyo na nguvu.

Jioni ile mama alifungua kinywa kwa mara ya kwanza juu ya jambo lile. Alikuwa akipepeta mtama.

"Mtoto akianza kutwanga," akasema, "humpi mchi wa mtu mzima. Wala humpi mwiko ukamwambia atwange nao. Unamchongea mchi wake."

Kesho yake baba alinichukua kwa jirani yetu, mzee Mkatoliki aliyefundisha dini kwenye kigango cha mlimani. Yeye ndiye aliyekuwa akija kuchukua nguruwe tuliowaua, kwa kuwa sisi hatuli. Alikuwa na bunduki ndogo ya kupigia kanga, aliyoachiwa na padri mmoja.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia gobori limekupiga mwereka."

Akanipa ile bunduki ndogo. Risasi yake ilikuwa nyembamba kama punje ya mpunga iliyonenepa. Nilipofyatua, bega halikuhisi kitu, na kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu mwenyewe risasi ikigonga. Tundu lilitokea kwenye kibuyu kama limechorwa. Nikaomba nipige tena, na tena. Yule mzee alinipa risasi zake mpaka baba akaona haya akamzuia.

"Kwa hii angejifunza," mzee akasema, "ila asimpige nayo pongo. Mtamjeruhi kama yule mwingine. Nendeni Lindi. Meneja wa shamba moja la mkonge amerudi kwao Ulaya, bunduki zake ziko dukani zinauzwa."

Tulikwenda kwa miguu, tukalala njiani kwa jamaa wa mama. Duka lilikuwa la Mhindi, refu na lenye giza, linanuka mafuta ya taa na vitambaa vipya. Muuzaji alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, mwenye subira. Alifikiri mnunuzi ni baba, akamletea bunduki nzito yenye mtutu mpana.

"Hii inaangusha nyati," akasema. "Mtu mwenye hii anaheshimiwa."

"Mpigaji ni huyu," baba akasema, akanisogeza mbele.

Muuzaji alinitazama, akavua miwani, akaifuta, akanitazama tena. Nilidhani atacheka. Badala yake aliirudisha ile bunduki ya nyati mahali pake, akauliza, "Anataka kupiga nini?"

"Pongo na nguruwe. Isimpige yeye. Na mnyama aanguke pale pale, ila nimkute ana uhai, niwahi kumchinja."

"Mzee, unataka mambo matatu kwenye bunduki moja."

"Ndiyo maana nimetembea siku mbili."

Muuzaji akaingia nyuma, akatoka na bunduki ndefu, ya mti mweusi, yenye mtutu mwembamba hata kidole changu cha mwisho hakikuingia. Akasema mtutu huo ni wa milimita sita na nusu. Risasi yake ilikuwa nyembamba na ndefu kama kalamu. Alitueleza kwamba risasi ya namna hiyo haihitaji baruti nyingi, kwa hiyo hairudi nyuma kwa nguvu, lakini kwa kuwa ni ndefu inaingia ndani na kufika panapotakiwa. Akasema pia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba bunduki nyepesi sana ndiyo inayopiga teke zaidi. Uzito kidogo ni rafiki wa mtoto, mradi aweze kuubeba.

Baba aliipapasa yote kwa vidole, kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako, kama anavyopapasa mbuzi mnadani. Kisha akaniambia niishike. Kitako kilikuwa kirefu, shingo yangu ilibidi inyooke kama ya korongo.

"Kitako kinakatwa," muuzaji akasema. "Vidole viwili. Seremala yuko nyumba ya tatu."

Bei walipatana, ikabaki kibali cha boma. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa kijana mwenye uso mwekundu uliobabuka kwa jua, na karani wake alitufasiria ingawa bwana mwenyewe alijua Kiswahili. Akasema gobori latosha kwa mkulima, bunduki ya namna hii ni ya mwindaji wa safari. Baba akamweleza habari ya macho yake. Akaeleza pia habari ya yule pongo aliyekimbia na risasi yetu, bila kujificha, na hapo karani akaacha kufasiri maana yule bwana alikuwa ameinua mkono kumnyamazisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe," akaniuliza mimi, "huogopi?"

"Naogopa gobori, bwana," nikasema. "Hii sijaijua bado."

Aliandika kibali kwa jina la baba, na sharti kwamba nisipige peke yangu kamwe, baba awe kando yangu. Hilo halikuwa sharti gumu. Sikuwa na hamu ya kwenda msituni bila yeye.

Nilifanya mazoezi kwenye kibuyu, risasi chache tu, kwa maana hazikupatikana kirahisi. Kabla ya kila risasi moja ya kweli, baba alinifyatulisha mara ishirini bila kitu ndani, vidole vyake kwenye mtutu. Siku ambayo mtutu haukuruka hata mara moja, alisema tu, "Kesho."

Kesho yake hakuja mnyama. Wala siku ya pili. Siku ya nne, nuru ikiwa ndiyo kwanza inatenganisha majani na mashina, pongo alitoka msituni akiinua miguu juu kwa sababu ya umande. Nilimngoja ageuke ubavu. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti ya chini, baba naye akaisema, na nikafyatua macho yakiwa wazi. Bega lilisukumwa kama na mtu anayekuomba umpishe njia. Nilimwona pongo akikunja miguu na kuketi.

Baba alishuka dungu na kisu chake. Nilimwelekeza kwa sauti, "Mbele, baba, hatua kumi, kulia kidogo, hapo," naye akainama, akamshika, akamwelekeza kibla na kumchinja. Aliporudi, mikono ina damu na umande, machozi yalikuwa yakimtoka kwenye yale macho yenye ukungu. Alidai ni moshi, na hapakuwa na moto popote.

Msimu ule tulivuna kunde mpaka mama akakosa vyombo. Nguruwe saba walikwenda kwa jirani yetu wa mlimani, naye akatuletea asali. Watu waliosema mwanamke hashiki bunduki walikula nyama ya pongo kama wengine, na sikusikia neno hilo tena, walau si mbele yangu.

Mwaka uliofuata wakaanza kuja wazazi kutoka mbali kumwuliza baba watoto wao waanze na bunduki gani. Mama mmoja alitembea kutoka Rondo na binti yake. Baba alimwita yule msichana karibu, akapapasa mabega yake yote mawili, akafikiri.

"Hajambo," akamwambia mama yake. "Mlishe vizuri, umlete mwakani. Bunduki tutaitafuta."

Yule msichana aliomba walau aishike ya kwangu. Nikampa, nikamwonyesha pa kuweka shavu.