Mpwapwa, Lala Mara Mbili

Ratiba yangu ilikuwa na safu tano: siku, saa, kutoka, kufika, chombo. Niliichora kwenye kompyuta ya ofisini wakati wenzangu wamekwenda kula, nikaichapa na kuibandika ukutani nyumbani Isevya, juu ya kitanda. Tabora hadi Dar es Salaam kwa treni. Dar hadi Nyamisati kwa basi. Nyamisati hadi kisiwa cha Mafia kwa boti. Kisha bodaboda hadi upande wa pili wa kisiwa, na huko ningefunga mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini ya bahari.

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alipopata habari hizo alicheka mpaka akaangusha spana. "Sisi maji ya bomba tunayasubiri kwa zamu, wewe unayafuata ya kuzamia!"

Kuzamia nilijifunza mwaka wa mwisho wa chuo, kwa ubishi tu. Mwenzangu mmoja wa pwani alisema sisi watu wa bara tukiingia majini tunakwenda chini kama mawe. Nikataka ushahidi. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea, kifaa mdomoni, nimeibana pumzi kwa sababu mwili wangu wote ulikataa kuamini. Halafu nikavuta. Hewa ikaja. Nimehoji mambo mengi maishani, ya kanisani, ya darasani, ya nyumbani, lakini pumzi ile sikuwa na swali nayo. Nilibaki nimekodoa macho kama mtoto, nikisikiliza mapovu yangu yakipanda.

Tangu siku hiyo nikawa nangoja bahari yenyewe. Nilipopata likizo ya siku tisa nilichagua Mafia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukuta wa matumbawe ulio nje ya ghuba, unaoshuka wima mpaka mwanga unapoishia. Mwalimu wa uzamiaji wa huko, dada mmoja niliyezungumza naye kwa simu, aliniambia ukuta ule hauendewi ila maji yakiwa yametulia, na kwa wiki yangu siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ya pili ni kibangwa cha bibi.

Kibangwa ni kisahani cheupe, kipana kama kiganja cha mtoto, kilichokatwa kwenye kitako cha konokono mkubwa wa baharini. Cha bibi yangu kina mstari unaojizungusha kuelekea katikati, na tundu la uzi. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi Bagamoyo, akarudi na hicho. Ndivyo tulivyosimuliwa, na mimi sikuamini. Mtu anayetembea miezi mitatu akiwa na mzigo begani, atajiongezea kitu asichoweza kukila? Nilidhani kilinunuliwa hapa hapa mjini, kwa mfanyabiashara Mwarabu, na hadithi ikashonewa baadaye.

Nilitaka kwenda nacho, nimtafute chini ya maji konokono wa aina hiyo akiwa hai, nilinganishe kwa macho yangu. Nikaenda kumwomba bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasikia unaniacha unakwenda kuoa samaki."

Nikamweleza. Akasikiliza huku akipepeta mchele, kisha akasema kibangwa hakitoki bila masharti. Jumapili ya mwisho ya likizo yangu ukoo ulikuwa unakutana kijijini kwetu Choma, naye angemvisha shangazi kibangwa hicho mbele ya wote, kwa kuwa yeye macho yalikuwa yanamwishia. Kwa hiyo kirudi kabla ya Jumapili. Na sharti la pili: nivitaje vituo.

"Vituo gani?"

"Vya njia. Babu yangu alisema kijana haendi pwani mpaka avitaje vyote, na maji ya kila kimoja yako wapi. Asiyejua anawaua wenzake."

Akaanza. Hakusimamisha ungo. Alitaja Rubuga na Tura, akaingia Mgunda Mkali, Ugogo, Marenga Mkali, Mpwapwa, Usagara, Ukwere, mpaka Bagamoyo, na baina ya hayo majina mengi madogo ambayo sijawahi kuyasikia. Kila jina lilikuja na neno lake: kisima, mto wa mchanga, chimba kwa mkono, maji chumvi, hakuna. Mimi nilikuwa nimefungua ramani ya simu chini ya meza ili nimkamate. Majina mengine hayamo kwenye ramani ya leo. Yaliyomo yalikuwa yamekaa kwa mpangilio ule ule, moja baada ya jingine, kutoka magharibi hadi mashariki. Bibi yangu hajawahi kutoka nje ya mkoa wetu. Nikaiweka simu mfukoni.

"Bibi, umeyahifadhi vipi?"

"Wewe si umehifadhi mambo ya chuo miaka mitatu? Sasa taja."

Nilikwama baada ya Tura. Alicheka. "Ratiba yako ina saa nyingi, mume wangu. Haina maji."

Nilikwenda kwake kila jioni nikitoka kazini. Kuja nyumbani kulikuwa na mashairi yake, maana kuna maneno yanayoongezwa ukiwa umeipa bahari mgongo. Moja lilikuwa hili: "Mpwapwa, lala mara mbili." Nikauliza kwa nini. Akasema mbele yake ni Marenga Mkali, nchi isiyo na maji, na njia inapanda. Mwili lazima unywe na utulie kwanza. Nikaliandika kama nilivyoandika mengine.

Siku nne kabla ya safari, mwalimu wa Mafia alinipigia kukamilisha fomu yangu. Nikamsomea ratiba ya kurudi: Jumamosi asubuhi ukuta, adhuhuri ndege ndogo hadi Dar, jioni ndege ya Tabora, Jumapili alfajiri gari la Choma. Niliisoma kwa majivuno.

"Kaka, huwezi," akasema. "Ukitoka chini hupandi juu siku hiyo hiyo. Kuna hewa inajibana mwilini, lazima itoke taratibu. Ukiiharakisha inachemka kama soda iliyotikiswa. Unaweza kupooza, unaweza kufa."

Nilijua sheria ya kutopanda ndege baada ya kuzamia. Niliisoma chuoni, nikaisahau kwa tamaa. Nikasema basi, nitapata gari la usiku.

"Tabora iko juu kiasi gani?"

"Tabora ni tambarare."

"Sijauliza kama kuna mlima. Nimeuliza iko juu kiasi gani."

Nikatazama kwenye simu. Zaidi ya mita elfu moja na mia moja juu ya bahari. Upande wa pili nikamsikia akicheka. "Kaka yangu, wewe unakaa mlimani na hujui! Kwa mwili uliotoka chini, kupanda huko kwa gari ni kama kupanda ndege."

Nilitoka nje nikasimama uani. Mbele yangu kulikuwa na ule ule ubapa niliokulia, miembe, mabati, vumbi la baiskeli, upeo wa macho ulionyooka kama uzi wa fundi. Mlima mpana kiasi kwamba anayezaliwa juu yake haoni kilele wala bonde. Wapagazi waliuteremka na kuupanda kwa nyayo, mzigo begani, nao walijua. Waliliweka hilo kwenye mashairi. Mimi nina shahada.

Ukweli ni kwamba wao walingoja kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya hewa. Sitaki kuwapa elimu ambayo hawakuidai.

Nilijaribu kwa bibi: Jumapili haiwezi kusogezwa?

"Ng'ombe ameshatajwa, ndugu wameshapatana siku. Kiache kibangwa, uende ukauone ukuta wako. Sitakununia."

Alimaanisha. Ningeweza kuuona ukuta. Lakini mwalimu alikuwa ameniambia konokono wale hawakai ukutani. Hukaa kwenye mchanga, maji mafupi, na niwatazame tu bila kugusa kwa sababu wana mwiba wa sumu unaoweza kumuua mtu. Kitu kama hicho kilitembea mpaka kwetu na kulala kifuani kwa bibi yangu.

Nikaubandua mpango ukutani nikauandika upya kwa mkono. Mbizi ya mwisho Alhamisi asubuhi. Usiku wa kwanza kisiwani, usiku wa pili ndani ya behewa. Jumamosi na ukuta nikavikata. Nikaongeza safu ya sita: maji.

Asubuhi ya kuondoka bibi alinipulizia maji ya unga miguuni, baraka ya msafiri, akanifunga kibangwa shingoni chini ya shati. Kilikuwa cha baridi na chepesi kuliko simu yangu. Kisha akanishika mkono.

"Unarudi. Umefika Mpwapwa."

"Nalala mara mbili."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maelezo marefu, na mchoro.

"Maji, bibi."

"Haya, nenda."