Nati Yenye Masikio Mawili

Siku ya kwanza nilipoingia gereji ya Bwana Kanji pale Kibiti sikupewa spana. Nilipewa karai la mafuta ya taa na rundo la vyuma vya kuosha. Fundi Mkuu Shomari alinitazama nikisugua, kisha akauliza, "Mwana wa nani wewe?"

"Wa Mzee Mwichande wa Salale, muunda vyombo vya baharini."

"Basi mikono unayo. Shika hili kwanza: kulia hukaza, kushoto hulegeza. Na nati ikikugomea usiiongezee nguvu, iongezee akili."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, Wazungu, Wahindi na Waswahili wenzangu, na sijapata kumwona wa kumfikia mtu yule.

Enzi hizo za Mwingereza, gereji yetu iliishi kwa malori ya mpunga na ufuta. Gari dogo la mbio, jekundu, la watu wawili, lilikuwa moja tu, la Daktari wa Wilaya. Ninyi vijana mmezoea gurudumu lenye nati nne au tano. La kwake lilikuwa na nati moja kubwa katikati, yenye masikio mawili. Nati ile haikujua spana. Unapiga sikio kwa nyundo laini ya risasi ili usilijeruhi, na nyundo yetu Fundi Mkuu aliisubu mwenyewe, akiyeyusha risasi za kuzamishia nyavu. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya wawili: mmoja apige, mwenziwe akanyage breki gurudumu lisizunguke.

Masika moja mtu wa baiskeli aliingia gereji akihema. Gari la Daktari limepata pancha karibu na Mtawanya. Mwenyewe kaliacha pale, kaenda kijijini kwa miguu kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu jana, mtoto kakaa vibaya. Wangembeba kwa kitanda hadi barabarani, na gari lisipokuwa tayari, hospitali asingefika.

Fundi Mkuu alikuwa Mohoro na lori. Nikamwuliza Bwana Kanji, "Nani atanikanyagia breki?"

"Ardhi," alijibu. "Vuta breki ya mkono, legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Jeki baadaye. Haya nenda, mwanangu, Mungu yupo."

Nikachukua baiskeli ya yule mjumbe, nyundo kapuni.

Gurudumu lilikuwa la nyuma, kulia. Nilitega mawe, nikavuta breki ya mkono, nikapangusa tope. Kwenye nati palichongwa mshale na neno: UNDO. Kiingereza sikukijua, lakini herufi nilizisoma, na mwana wa muunda vyombo angeshindwaje kulielewa neno hilo? Undo ni kuunda, kushikamanisha, nikasema moyoni, basi mshale unaonyesha upande wa kukaza. Tena ulielekea kulia, sawasawa na kanuni ya Fundi Mkuu. Nikapiga kinyume chake. Nati kimya. Nikapiga hadi viganja vikawaka moto, nikalia machozi, wala sioni haya kusema. Nilimwaza yule mama juu ya kitanda.

Ndipo nikakumbuka akili. Nilichora mstari wa tope kutoka sikioni hadi kwenye gurudumu, nikapiga tena. Nati ilisogea unywele mmoja, kisha ikawa ngumu kuliko mwanzo. Nati inayofunguka hulegea kadiri inavyosogea, na hii ilikuwa ikijibana. Nikaufuata mshale. Nati ikalia, ikakubali.

Nikaweka jeki ya gari juu ya ubao isizame, nikachomoa gurudumu, nikavika la akiba, nikashusha, nikakaza kinyume cha mshale. Daktari akatokea, kashika mguu mmoja wa kitanda, tope hadi magotini.

"Tayari?"

"Tayari, Bwana."

Wakampakia yule mwanamke, gari likaondoka. Mama wa yule mwanamke alibaki nami, akanishika mkono. "Litafika, baba?"

"Litafika, mama," nikamjibu, nikilifuata gari kwa macho. Kama nilikosea upande, gurudumu lingechomoka njiani.

Kesho yake nilimsimulia Fundi Mkuu. Alicheka hadi akakaa chini. "Upande wa kulia wa gari lile, nyuzi za nati zimekatwa kinyume makusudi, ili mwendo usiilegeze. Na hilo neno ni la Kizungu, mwanangu. Maana yake fungua!"

Hajamaliza kucheka, yule mtu wa baiskeli akaingia tena.

"Kajifungua," akasema. "Mtoto wa kike. Wote wazima."

Fundi Mkuu aliinuka, akafuta mikono, akanikabidhi ile nyundo ya risasi. "Ichukue, Fundi," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Baadaye nilihudumia malori ya tajiri wa ufuta Ikwiriri, kisha mitambo ya barabara, hadi magoti yalipokataa kuinama nikastaafu. Nyundo ninayo bado, ingawa magari ya masikio hayapiti tena. Yule mtoto sasa ana wajukuu, na tukikutana sokoni Kibiti huniamkia, "Shikamoo, baba." Wajukuu zangu waliosoma hunicheka kwa neno lile. Nami huwaambia: kwa Kiingereza ni kufungua, kwetu ni kuunda, na siku ile Mtawanya yote mawili yalikuwa kweli: nati ilifunguka, na fundi akaundwa.