Mwalimu wa Tingatinga Lisilokuwepo

Nzuki alipostaafishwa kwenye machimbo ya kokoto mwaka wa 1979, wakubwa wa kampuni walimuuliza angependa zawadi gani. Wenzake waliomtangulia walikuwa wamepewa saa za ukutani, zote za aina moja, na zote zilisimama kabla mwaka haujaisha. Nzuki akasema anataka kiti. Meneja alifurahi, akidhani ni kiti cha sebuleni, akamwambia karani aandike. Kumbe Nzuki alitaka kiti cha tingatinga lake, lile kubwa la magurudumu aliloliendesha miaka kumi na tisa, ambalo wiki hiyohiyo lilikuwa linapelekwa mnadani kwa kosa la kunywa mafuta mengi. Basi kiti kikafunguliwa kwa spana, kikafungwa utepe mwekundu, na meneja akahutubia akisema Nzuki alikuwa nguzo ya kampuni. Makofi yalipokwisha, nguzo ilijitwika kiti kichwani, ikavuka reli kwa miguu mpaka Makongeni.

Nyumba aliyokiingizia haikuwa yake. Ilikuwa ya reli, na reli ilikuwa imempa mkewe, Kanyiva, karani wa mizigo, mwanamke aliyejua kila gunia lililopita Nairobi limetoka wapi na linaenda wapi. Kilikuwa chumba kimoja na jiko. Kiti kile, kwa chuma chake na springi zake, kilikaa katikati ya chumba kama mgeni asiyeaga. Kanyiva alikizunguka kwa siku sita akienda kazini na kurudi. Siku ya saba alimwambia mumewe kwa upole kwamba kitabu cha reli kimeandika jina moja tu la mwenye nyumba, na akamwomba akumbuke ni jina la nani.

Kiti kikahamia uani kwa Idarusi. Huyu alikuwa mwenye duka pale kona, mzaliwa wa Pumwani kwa wazazi wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba wateja wengine waliona haya kuagiza sukari mbele yake. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Kiti kiliwekwa juu ya matofali, na kila alasiri Nzuki alikikalia na kusimulia.

Alijua kusimulia. Alieleza jinsi lile tingatinga lilivyokuwa likiinua beleshi lake la mbele na jua likapotea. Alieleza jinsi lilivyojaza lori kwa mikupuo miwili, na dereva wa lori akashuka kutoa shukrani. Siku hizi, alisema, watu wanaendesha vitu vya kuchezea, vidogo kama mbuzi, vyenye redio ndani. Vijana waliofutwa viwandani, na wengine ambao hawakuwahi kuandikwa ili wafutwe, walikuja kusikiliza. Walitoka Makongeni, wakatoka mpaka Mukuru kwa Reuben, wakaketi kwenye masanduku ya Idarusi bila kununua hata kiberiti.

Idarusi alivumilia mwaka mzima. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mtu anayekaa kwangu saa tatu bila kununua kitu ni kero. Lakini akiitwa mwanafunzi, ni heshima. Waite wanafunzi."

Ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Mitambo Mizito cha Makongeni, mwaka wa 1981, chenye mwalimu mmoja, kiti kimoja, na mitambo ambayo ilikuwa bado haijafika.

Kiti peke yake hakikutosha, kwa hiyo Nzuki akamwendea shemeji yake, Ndeti, kaka wa Kanyiva, aliyekuwa mchongaji. Ndeti aliishi kwa kuchonga twiga wa kuuzia watalii, na mtu akimpa kazi yoyote isiyokuwa twiga alifurahi kama aliyepewa likizo. Alichonga vijiti vya gia vitatu kwa mpingo, cha kuinua beleshi, cha kulilaza, na cha kwenda mbele na nyuma. Alivisugua mpaka vikang'aa, akavipanga kwa urefu, kifupi kushoto na kirefu kulia, maana vilipendeza hivyo. Nzuki aliona mara moja kwamba kijiti cha kuinua kimekaa mahali pa kijiti cha kulaza. Lakini Ndeti alikuwa amesimama hapo na msasa mkononi, uso umemchangamka, na mtu hawezi kumwambia shemeji yake maneno kama hayo. Baada ya miezi sita Nzuki mwenyewe alikuwa amesahau.

Masomo yalikwenda kwa utaratibu. Mwanafunzi mmoja aliketi kwenye kiti, wengine wawili walisimama nyuma yake wakitoa mlio wa injini kwa vinywa, na wa nne alikuwa lori. Mlio ulifundishwa kwa ukali. Aliyetoa mlio mwembamba aliambiwa anaendesha cherehani. Siku ya mtihani wa kwanza, kijana mmoja aitwaye Jimale alianguka kwa sababu alimwaga kokoto kabla lori halijasimama, na mwenzake aliyekuwa lori akashuhudia kwamba kweli alimwagiwa. Waliofaulu walipewa cheti. Idarusi alikipiga muhuri wa duka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na muhuri huo ulisema IMEPOKELEWA.

Wakati huohuo tingatinga lilikuwa likikua. Mwaka wa kwanza gurudumu lake lilimfika Nzuki kidevuni. Mwaka wa pili lilimpita kichwa. Kufikia mwaka wa tatu ngazi ya kupandia ilikuwa na vidato kumi na kimoja, na dereva alikuwa anabeba chakula chake kabisa, maana kushuka kula na kupanda tena kungemaliza mapumziko. Nzuki hakuwa mwongo. Kila alipofumba macho aliliona hivyo, na kila alipoyafumbua lilikuwa limeongezeka kidogo.

Mwaka wa 1983 alikuja mkaguzi, bwana mmoja mfupi mwenye tai, jina lake Laban, kutoka ofisi moja inayohusika na mambo ya ufundi. Alikuwa na fomu ndefu. Akauliza mitambo iko wapi. Nzuki akamwonyesha kiti. Laban akaitazama fomu yake kwa huzuni, akaeleza kwamba pale penye idadi ya mitambo hairuhusiwi kuandika sufuri. Chuo kisicho na mtambo hakiwezi kukaguliwa, na chuo kilichokwisha kuandikwa kwenye orodha ya ukaguzi ni lazima kikaguliwe. Akauliza kama angeweza kukikalia kidogo huku akifikiri.

Akakikalia. Wanafunzi wawili, kwa mazoea tu, wakaanza mlio. Laban akashika kijiti kimoja, akakivuta. Jimale akawa lori. Mkaguzi alijaza lori mara nne, akarudi nyuma akiangalia begani vizuri kabisa, na aliposhuka jasho lilikuwa limemlowesha kola. Aliandika: mtambo mmoja, hali nzuri, hautumii mafuta. Baadaye ofisi yake ilituma barua ya kukisifu chuo kwa kubana matumizi wakati huu mgumu wa uchumi, na Idarusi akaibandika dukani juu ya mizani.

Basi siku moja mwaka uliofuata akaja mtu aitwaye Nabiswa, msimamizi wa wajenzi waliopewa kazi ya kutengeneza barabara karibu na Mukuru kwa Njenga. Tajiri wake alikuwa amenunua mtambo wa zamani kwenye mnada, akaupata rahisi, na sasa alijua kwa nini. Madereva wake watatu waliujaribu na wote watatu walishuka wakisema hawakusomea historia. Nabiswa alikuwa amesikia kuna chuo Makongeni.

Nzuki alivaa koti lake la kazi. Wanafunzi walimfuata, kumi na wanane, wakafuatwa na watoto, na Idarusi akafunga duka mchana, jambo ambalo mtaa ule haukuwa umeliona tangu amzike mama yake. Ndeti alikuja pia na msasa wake mfukoni. Walitembea mpaka eneo la ujenzi kama watu wanaokwenda kumpokea askofu.

Na lilikuwepo. Nzuki alilijua hata kabla hajaliona vizuri. Mdomo wa beleshi ulikuwa na kovu la kulehemu upande wa kushoto, pale alipoligonga kwenye mwamba mwaka wa sitini na nane akamsingizia mlinzi. Na ndani, mahali pa kiti, palikuwa na kreti ya soda iliyofungwa kwa waya.

Lilikuwa kubwa. Mtu wa haki angesema ni mtambo mkubwa. Lakini gurudumu lilimfika Nzuki kidevuni, na ngazi ilikuwa na vidato vinne. Wanafunzi walivihesabu. Walivihesabu tena kuanzia juu. Jimale akasogea karibu na mwalimu wake, akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima, "Mwalimu, ndilo hili, ama hili ni mtoto wake?"

 Nzuki alipanda vile vidato vinne, akaketi kwenye kreti, akagusa mahali fulani chini ya usukani ambapo hakuna fundi aliyekuwa amepagusa, na injini ikawaka. Moshi mweusi ukafunika watu. Waliokuwa wakipiga makofi wakaanza kukohoa. Wale wanafunzi wawili wa mlio walitazamana, maana mlio wenyewe haukuwa ule waliofundishwa. Ulikuwa kelele tupu, kama mabati yanayoanguka bila kufika chini.

Alichota udongo vizuri. Akageuza, akalielekea lori, na alipofika akavuta kijiti cha kuinua. Mkono wake ulikwenda pale Ndeti alipokiweka. Beleshi halikuinuka. Lililala, likamwaga udongo wote juu ya ubao mkubwa uliopakwa rangi wiki hiyo, uliotangaza jina la mgeni wa heshima atakayekuja kuifungua barabara ambayo haikuwa imeanza. Ubao ukaingia chini ya udongo wote, isipokuwa neno KARIBU.

 Nabiswa hakuonekana kusikitika sana.

Nzuki alifumba macho, akaiachia mikono itafute yenyewe. Ilichukua dakika chache. Kisha mikono ikakumbuka, na kwa saa mbili alifanya kazi ambayo hata madereva wale watatu walisimama kuitazama. Alijaza malori tisa. La kumi lilipokuja, kitu fulani kikapasuka chini ya injini, mafuta yakamwagika, na tingatinga likanyamaza. Alishuka polepole akishika kiuno. 

Jioni Kanyiva alimkuta ameketi kitandani na koti lake bado mwilini. Akamuuliza ilikuwaje.

"Linanuka," Nzuki alisema. "Linanuka vibaya, Kanyiva. Na linapiga mgongo. Nilikuwa nimesahau."

"Mimi sikusahau," Kanyiva alisema. "Nilifua zile nguo miaka kumi na tisa." Akamvua koti, akalipeleka nje mwenyewe.

Jumatatu Nzuki aliingia darasani na kusema ukweli. Alisema vidato ni vinne. Alisema lori lilijazwa kwa mikupuo minne, mara nyingine mitano, na kwamba hakuna dereva wa lori aliyewahi kushuka kutoa shukrani. Walichofanya ni kutukana. Alimwomba Ndeti abadilishe vijiti, na Ndeti akavibadilisha, ingawa alikwenda zake bila kunywa chai. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu. Jumanne walikuwa kumi na mmoja. Ijumaa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kununua sabuni. Idarusi alimshauri arudishe angalau vidato vinne vitano, kwa ajili ya watu. Nzuki akasema hawezi tena, si kwamba hataki, akifumba macho anaona kreti ya soda. Mwisho wa mwezi chuo kilifungwa. Barua ya kukipongeza kwa mara ya pili ilifika wiki mbili baadaye.

Nabiswa ndiye aliyerudi. Tingatinga lilikuwa limeuzwa kwa vyuma chakavu, akasema, na tajiri, akiwa amepata somo, ameagiza mtambo mpya. Mdogo. Kijiti kimoja tu, na kiti chenye sponji. Lakini yeye anataka mtu anayejua udongo, si mtu anayejua redio. Nzuki alisema atafikiria. Alifikiria mpaka Nabiswa alipofika mlangoni, akamwita.

Wiki ya kwanza alikuwa akitoka Makongeni alfajiri ili watu wasimwone anakwenda kuendesha mbuzi. Wiki ya pili aligundua kwamba mgongo haumuumi. Wiki ya tatu alimwambia Kanyiva kwamba mtambo ule, ukiutazama kwa upande fulani, una umbo zuri, kisha akaomba asimwambie Idarusi.

Jumamosi moja Kanyiva alitoka kazini mchana, akapita kule kwenye barabara na chakula kwenye kikapu. Nzuki alikuwa akisawazisha changarawe, amempa mgongo. Kanyiva akasimama kando, akamwita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita akiwa jikoni. Nzuki akageuka. Injini ilikuwa inanguruma chini yake, na alikuwa amesikia. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumwita akiwa juu ya mtambo akamsikia. Alikaa hivyo kidogo, mkono juu ya kile kijiti kimoja, kisha akazima injini, akashuka kwenda kuona amepikiwa nini.