Vipande Vitano vya Mdogo Wake

Pale kwenye dirisha la mafaili, hospitalini, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Vipande, basi. Na ukimwona tu ungejua kwa nini: mkononi penseli nyekundu, mbele yake kadi ya mgonjwa, na kwenye kadi neno la daktari refu kama foleni ya asubuhi. Yeye hulikata. Mstari hapa, mstari pale, kisha anakugongea mezani kwa kidole, kipande kimoja kimoja, nawe unafuata. Huendi popote mpaka ulitamke.

Wenzake walimsema kwamba anachelewesha watu. Wacha waseme! Mtu kubeba ugonjwa asioweza hata kuutaja, yeye aliona ni kuonewa. Kuna mzee mmoja masikio yalimpa taabu, akaandikiwa aende o-to-rhi-no-lar-yn-gol-o-gy. Vipande tisa, jamani! Mzee akavitafuna mpaka jasho likamtoka, halafu akaondoka kifua mbele, akawaringia wajukuu mwezi mzima.

Sasa asubuhi moja kadi ikaingia dirishani, na mkono ulioishika aliujua: wa mdogo wake, fundi cherehani. Kwa miezi alikuwa akilalamika kwamba kope moja inamwangukia, na ikifika saa sita mikono haina nguvu hata ya kuinua mkasi. Familia nzima ilimwambia ni uchovu, apumzike. Bi Vipande naye alimwambia hivyohivyo, na sasa moyo ulimsuta.

Akachukua penseli. My-as-the-ni-a, ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu. Vitano tu. Akagonga cha kwanza, akagonga cha pili, kufika cha tatu sauti ikamgomea. Miaka ishirini na sita dirishani, haikuwahi kumgomea. Aliogopa, tena aliogopa sana. Huyu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni utotoni.

Mdogo wake akapitisha mkono dirishani, akaendelea kugonga mwenyewe, akalisema neno lote bila kukwama. Daktari alikwisha kumweleza habari za dawa na mengineyo, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mgonjwa hakuthubutu kumuuliza daktari. Akamuuliza dada yake, taratibu.

"Dada, wenye neno hili huwa wanarudi hapa dirishani?"

Hilo sasa Bi Vipande alilijua kuliko daktari yeyote. Akaenda kwenye rafu, akarudi na faili nene, kingo zimechakaa, limefungwa kamba. Akalitua mezani, jina amelifunika kwa kiganja.

"Huyu alikuja na neno hilohilo mwaka niliojifungua kitinda mimba wangu, na sasa kitinda mimba ananyoa ndevu," alisema. "Jalada nimembadilishia mara tatu, kila likijaa. Jumatatu alikuwa hapa, ananigombeza."

Mdogo wake akalitazama lile faili kwa muda, akalipima unene kwa vidole kama anavyopima kitambaa.

"Basi nifungulie na mimi," alisema. "Na jalada liwe gumu."